Ukoko wa Choo na Mawe ya Kaole

Msafiri aondokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo hupita karibu na kilima cha Wazo, ambako jiwe la chokaa huchimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji kilichoanza kuzalisha mwaka 1966. Akiendelea mbele hupita Bunju, Mapinga na Kerege hata afike Bagamoyo. Kusini kidogo ya mji huo yapo magofu ya Kaole, yenye misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, ambayo historia yake huanzia karne ya 13. Mawe hayo ya Wazo na ya Kaole ni ya jamii moja. Yalijengwa na viumbe vidogo vya baharini, na sehemu yake kubwa ni kalsiamu kabonati, ambayo alama yake ya kikemia ni CaCO3.

Msafiri huyo akikaribishwa katika nyumba ya zamani yenye choo cha kuvuta, huenda akaliona jiwe hilohilo mahali asipolitazamia, yaani ndani ya sinki la choo. Pale maji yanapotiririka pana mfereji wa rangi ya kahawia, na kwenye mstari wa maji pana duara gumu, lenye kukwaruza mkono. Mwenye nyumba huona haya mbele ya mgeni, ingawa amesugua kwa sabuni, kwa majivu na kwa mchanga, na kila mara uchafu ule umebaki palepale. Hana kosa la uvivu. Anapigana na mwamba, na silaha alizochagua hazikufaa.

Katika makala haya tutachunguza ukoko huo umetoka wapi, kwa nini sabuni haiuwezi, ni vitu gani vinavyouyeyusha, na ni mchanganyiko upi usiopaswa kufanywa kabisa. Nawaomba walimu wa kemia watazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa katika shule zetu wanaosafisha vyoo ni wanafunzi wenyewe.

Ukoko huu ni nini?

Maji ya mvua yanapoanguka huchukua kiasi kidogo cha hewa ya ukaa kutoka angani, na yanapopenya ardhini huchukua kiasi kikubwa zaidi kutokana na mizizi na majani yanayooza. Hewa hiyo ikichanganyika na maji huwa asidi dhaifu, nayo asidi hiyo hula jiwe la chokaa polepole:

CaCO3 + H2O + CO2 ⇌ Ca(HCO3)2

Kitu kilicho upande wa kulia huyeyuka katika maji, hata kisionekane kwa macho. Ndiyo maana maji ya kisima kilichochimbwa katika matumbawe huweza kuwa maangavu kabisa, na hata hivyo kila lita ikawa imebeba mawe yaliyoyeyuka. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Akina mama huyatambua upesi: sabuni haitoi povu mpaka itumike nyingi, na birika la chai hujaa magamba meupe. Nilipokuwa masomoni Uingereza niliyaona magamba hayohayo katika birika langu mjini London, kwa sababu maji ya huko nayo hupita katika mwamba wa chaki.

Msomaji atazame alama ya mishale miwili katika mlinganyo wa hapo juu. Maana yake ni kwamba safari hiyo ina kwenda na kurudi. Maji yakitandaa juu ya sinki na kukauka, hewa ya ukaa hutoroka, na jiwe lililoyeyuka hugeuka kuwa jiwe tena. Kila tone huacha tabaka jembamba mno, na tabaka juu ya tabaka huwa ukoko. Mawe yanayoning'inia katika mapango ya Amboni, mkoani Tanga, yalifanyika kwa njia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba pango lilikuwa na maelfu ya miaka, na choo kina miaka michache tu.

Mchango wa mkojo na wa chuma

Chokaa peke yake ni nyeupe. Rangi na harufu hutokana na mambo mengine mawili.

La kwanza ni mkojo. Mkojo una urea, kitu ambacho mwanakemia wa Kijerumani Friedrich Wöhler alikitengeneza katika maabara mwaka 1828. Bakteria waliomo chooni huivunja urea kwa kimeng'enya kiitwacho yurease, na hapo hutoka amonia, ile harufu kali ichomayo pua. Kimeng'enya hicho kilikuwa cha kwanza duniani kupatikana kwa umbo la fuwele. James Sumner wa Marekani alifanya kazi hiyo mwaka 1926, na mwaka 1946 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobeli. Amonia ni alkali, na katika alkali madini ya fosfati yaliyomo katika mkojo hayakai ndani ya maji, bali hushikana na kalsiamu na magnesiamu yakaganda. Kwa hiyo ukoko wa choo huwa mchanganyiko wa chokaa na fosfati, na vitundu vyake huwa makao mapya ya bakteria. Choo chenye ukoko hunuka hata kikioshwa kila siku, kwa sababu harufu imejificha ndani ya jiwe.

La pili ni chuma. Maji ya visima virefu huweza kuwa na chuma kilichoyeyuka, ambacho hakina rangi kikiwa chini ya ardhi, mahali pasipo na oksijeni. Maji yakitoka na kukutana na hewa, chuma hicho hugeuka kutu na kuacha michirizi ya rangi ya kahawia. Mabomba na vyuma vilivyochakaa ndani ya tangi la kuvutia maji huongeza kutu hiyo.

Kwa nini sabuni na majivu havifui dafu?

Sabuni iliumbwa kushika mafuta, na jiwe si mafuta. Tena katika maji magumu sabuni hushikana na kalsiamu na kufanya utando wa kijivu usioyeyuka, ambao huongeza uchafu badala ya kuupunguza. Majivu yana alkali, nayo yanafaa sana kwa masufuria yenye mafuta. Lakini alkali haili chokaa. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, iliyozoeleka kwa jina la jiki, huua vijidudu na kufuta rangi za vitu vitokanavyo na mimea na wanyama. Ukoko uliomwagiwa jiki huonekana umepauka kwa siku chache, kisha hurudia rangi yake, kwa kuwa jiwe lenyewe halikuguswa. Kutu nayo haiondolewi na jiki hata kidogo.

Kuna wanaoamua kutumia nguvu, wakachukua mchanga, kipande cha tofali au brashi ya waya. Hapa hatuna budi kukumbuka kipimo cha ugumu wa madini kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812. Katika kipimo hicho, chokaa ya ukoko ni kama 3, utando wa kioo uliolifunika sinki ni kati ya 5 na 6, na mchanga mweupe wa ufukoni, ambao kwa sehemu kubwa ni kwatzi, ni 7. Mchanga basi hukwangua ukoko, lakini hukwangua na sinki. Utando ule ulipatikana kwa kulichoma sinki katika joto la nyuzi zaidi ya 1,000 za Sentigredi, na ukishachubuka hakuna fundi wa kuurudisha nyumbani. Mikwaruzo huwa vishikizo vya ukoko mpya. Sinki lililosuguliwa kwa mchanga leo huchafuka upesi zaidi mwezi ujao, na ndivyo masinki mengi ya zamani yalivyoharibika.

Hesabu ya ndimu

Kitu kinachoushinda ukoko ni asidi. Asidi huishika kabonati na kuivunja, hewa ya ukaa ikatoka kwa mapovu, na kalsiamu ikachukuliwa na maji. Watu wa pwani wamelijua jambo hili kwa vitendo tangu zamani, kwani ndimu na ukwaju vimetumika kung'arisha sinia na vyombo vya shaba. Katika ndimu mna asidi sitriki, katika ukwaju asidi tartariki, na katika siki asidi asetiki.

Lakini mtu akikamua ndimu mbili chooni, akasugua na asione mabadiliko, husema ndimu haifai. Hebu tupige hesabu. Tuchukue ukoko wenye upana wa sentimita 10, urefu wa sentimita 10 na unene wa milimita 1. Ujazo wake ni sentimita 10 za ujazo, na kwa kuwa kila sentimita ya ujazo ina uzito wa gramu 2.7 hivi, ukoko wote una gramu 27. Kwa mujibu wa kemia, gramu 100 za chokaa huhitaji gramu 128 za asidi sitriki ili ziyeyuke zote. Kwa hiyo gramu 27 zitahitaji karibu gramu 35. Maji ya ndimu yana asidi hiyo kiasi cha gramu 60 katika lita moja. Basi tunahitaji zaidi ya nusu lita, yaani ndimu 20 hadi 30 kwa kiraka kimoja tu! Tukitumia siki ya dukani yenye nguvu ya asilimia 5, tutahitaji kama mililita 650.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. Kwanza, ndimu haikushindwa kwa udhaifu, ila ilikuwa chache. Pili, siki, au unga wa asidi sitriki utumiwao na watengenezaji wa sharubati, ni nafuu kuliko kikapu cha ndimu. Soda nyeusi, ambayo wengine huisifu, ina asidi fosforiki kidogo tu pamoja na sukari nyingi. Fedha yake ni afadhali inunue siki.

Kwa kutu, pwani yetu ina dawa yake. Mbirimbi, mti upandwao uani kwa ajili ya achari, una matunda yenye asidi oksaliki nyingi, nayo asidi hiyo huishika kutu na kuiyeyusha. Hata hivyo tusianze na birimbi juu ya ukoko wa chokaa, kwa sababu asidi oksaliki ikikutana na kalsiamu hufanya kitu kisichoyeyuka, ambacho huufunika ukoko kama ngao. Siki itangulie kuondoa chokaa, suuza, ndipo birimbi ifuate kuondoa kutu iliyobaki.

Hatari ya kuchanganya

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya pwani. Nilipokuwa nikingoja kipindi, nilisikia kikohozi kikali kutoka upande wa vyoo. Nilikuta wanafunzi wawili waliopewa adhabu ya kusafisha, macho yakiwatoka machozi. Mmoja alikuwa amepiga magoti, kichwa chake karibu na sinki. Kando yao palikuwa na chupa ya maji ya kunywa isiyo na maandishi, ambayo ndani yake mlikuwa na asidi ya kusafishia vigae, na chupa ya jiki. Niliwauliza kwa nini wamemimina vyote viwili. Walinijibu, “Tulitaka iwe kali zaidi, Mwalimu.” Tuliwatoa nje kwenye upepo, wakapelekwa zahanati, na kwa bahati njema walipona. Kipindi changu cha siku ile kilibadilika. Nilifuta ubaoni somo nililokusudia, nikaandika mlinganyo huu:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H2O + Cl2

Alama ya mwisho ni gesi ya klorini. Ni ileile ambayo tarehe 22 Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliifungulia karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, ili kuwaua askari waliokuwa katika mahandaki. Klorini ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu hivi, kwa hiyo haipandi darini, bali hutuama chini, palepale penye pua ya mtu aliyeinama kusugua. Ikifika mapafuni huungana na unyevu na kuwa asidi. Madhara yake huweza kuzidi saa kadhaa baadaye, hata kama mtu amejisikia nafuu mwanzoni.

Wasomaji wasidhani kwamba asidi kali pekee ndiyo yenye hatari. Siki na ndimu nazo zikichanganywa na jiki hutoa klorini. Mkojo uliotuama una amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa mvuke wa kloramini, ambao nao huumiza mapafu. Historia ya kemia inalo fumbo lake hapa. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi, aliyeitenga asidi sitriki kutoka katika limau mwaka 1784, ndiye aliyeipata klorini mwaka 1774, kwa kuichanganya asidi hidrokloriki na madini ya manganisi. Mtu mmoja alitupa dawa ya ukoko na akatuonyesha sumu yake.

Kuhusu asidi kali, yaani asidi hidrokloriki na maji ya betri, ushauri wangu ni kwamba zisitiwe kabisa mikononi mwa wanafunzi. Huchoma ngozi na kupofusha macho. Zikimwagwa nyingi huua bakteria wanaofanya kazi katika shimo la maji machafu. Tena asidi haichagui: haijui ukoko ni upi na ukuta ni upi. Katika nyumba za kale za Bagamoyo, ambazo kuta zake ni matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, asidi iliyorukia ukutani au kupenya sakafuni huila nyumba yenyewe, kwa mmenyuko uleule unaoula ukoko.

Njia iliyo salama

Fungua mlango na madirisha, uvae glavu za mpira. Kama jiki imetumika karibuni, vuta maji mara kadhaa na uache ipite siku nzima. Kisha toa maji yaliyotuama ndani ya sinki kwa kopo, au yasukume kwa brashi yateremke, maana asidi ikichanganyika na maji mengi hupungua nguvu.

Mimina siki, au asidi sitriki iliyoyeyushwa kwa kipimo cha gramu 100 katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Mahali pa wima ambapo maji hayakai, bandika vitambaa vikuukuu vilivyoloweshwa. Acha usiku kucha. Asubuhi sugua kwa brashi ya plastiki au kwa kumbi la nazi, ambalo ni laini kuliko kioo na halikwaruzi. Ukoko wa juu utatoka kama tope, na ule wa chini utabaki. Rudia usiku wa pili na wa tatu kwa asidi mpya, kwani ile ya jana imekwisha kazi. Ukoko uliojengwa kwa miaka 10 usitegemewe kuondoka kwa dakika 10.

Ukoko ukiisha, suuza kwa maji mengi. Siku inayofuata, na si kabla, waweza kutumia jiki peke yake kwa ajili ya kuua vijidudu.

Baada ya hayo lichunguzwe tangi la kuvutia maji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hii ni kweli kabisa. Tuseme tangi linavuja lita moja tu kwa saa, na maji yana miligramu 300 za chokaa katika kila lita. Kwa mwaka zitapita lita 8,760, zikiwa zimebeba zaidi ya kilo 2.6 za chokaa. Hata kama sehemu moja tu katika mia itang'ang'ania sinki, hiyo ni gramu 26, karibu sawa na kile kiraka tulichokipigia hesabu ya ndimu. Mpira mdogo wa kuziba tangi unaweza basi kuokoa ndimu 20 hadi 30 kila mwaka.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila ya kuwapeleka wanafunzi chooni. Okoteni makombe ufukoni, au tumieni maganda ya mayai, ambayo nayo ni kalsiamu kabonati. Pimeni mafungu manne yenye uzito sawa, yatieni katika gilasi nne: ya kwanza maji matupu, ya pili maji ya sabuni, ya tatu maji ya majivu, ya nne siki. Tazameni ni gilasi ipi inayotoa mapovu. Baada ya siku moja toeni mabaki, yakausheni na kuyapima tena. Badilisheni siki siku ya pili, mpime upya. Wanafunzi wakokotoe siki iliyotumika, walinganishe na hesabu tuliyofanya. Jiki isiwemo katika jaribio hili.

Hitimisho

Wazee wetu waliojenga Kaole walichoma matumbawe katika tanuu wakapata chokaa, wakaizimua kwa maji, wakajengea, na hewa ya ukaa ikaigeuza kuwa jiwe tena. Ujuzi wao umesimama kwa karne nyingi. Ukoko wa chooni ni kemia ileile ikitenda kazi bila ya kuagizwa, na mwenye kuifahamu huiondoa kwa siki, vitambaa na subira.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Chupa isiyo na maandishi isiingie katika stoo ya vifaa vya usafi, na mwanafunzi asipewe dawa mbili kwa wakati mmoja. Anayepewa zamu ya kusafisha choo aambiwe kwanza kilichomo ndani ya chupa aliyoishika.